Barua za vibuyu: mbegu itoke na habari zake

Korosho zinaokotwa, mawingu yameanza kujikusanya, na kila mwenye mbegu za vibuyu ndani ya nyumba anazikumbuka sasa. Barua za safari hii karibu zote ni za mbegu: kuna waliopewa zikawashangaza, kuna aliyepewa zikamletea maradhi, na kuna wanaotaka kugawana wasijue waanzie wapi. Nimezipanga kwa uzito wake. Mimi naandika kutoka Mtama, bonde la Lukuledi, ambako nalima vibuyu na kuvitengeneza kata, vyombo na mapambo. Ya Newala imetangulia kwa sababu inahusu uhai wa watu.

*Shikamoo Mama Vibuyu. Msimu wa juzi jirani alinigawia mbegu za vibuyu vya mapambo, nikazipanda ukingoni mwa shamba karibu na mamumunye yetu ya kula. Msimu uliopita nikapanda mbegu za mamumunye yale yale. Mwezi wa tatu mkwe wangu akapika mumunye changa, akasema lina uchungu, tukala hivyo hivyo. Usiku kucha tulitapika na kuhara, mtoto mdogo akakimbizwa zahanati. Ndugu wanasema shamba limerogwa. Mimi nafikiri labda ni dawa ya mikorosho. Nisaidie. — Mama wa Newala*

Marahaba mwanangu, poleni sana, na mtoto umpe pole yangu. Hakuna aliyeroga shamba lako, na dawa ya mikorosho haihusiki. Mumunye la kula na kibuyu cha mapambo ni mmea wa aina moja, na ukiwapanda karibu watachanganyika. Maua yao ni meupe, hufunguka jioni, na wadudu wa usiku hubeba chavua ya huyu wakaipeleka kwa yule. Vibuyu vingi vya ganda gumu vina uchungu mkali ndani, na uchungu wenyewe ni sumu. Wataalamu huiita kukurbitasini. Mamumunye ya kula ni kazi ya bibi zetu: aliyeonja tunda likawa chungu hakuweka mbegu yake, kizazi baada ya kizazi, mpaka uchungu ukatoka. Chavua ya kibuyu kichungu inaurudisha, na una nguvu, kwani mzazi mmoja tu akiwa nao unatosha mtoto kutoka mchungu.

Utaniuliza, mbona mwaka ule wa kwanza tulikula salama? Kwa sababu nyama ya tunda ni ya mama yake. Chavua ya nje haibadilishi ladha ya tunda lililopo. Inajificha ndani ya mbegu. Ukiipanda mbegu hiyo msimu unaofuata, ndipo unapokutana nayo.

Kupika hakuondoi sumu hii. Chumvi haiondoi, tui la nazi haliondoi. Huko India watu hunywa maji ya mumunye bichi wakiamini yanaleta afya, na wapo waliolazwa na wapo waliokufa kwa kunywa ya tunda chungu. Kwa hiyo kabla mumunye halijaingia sufuriani, kata kipande chembamba, kiguse kwa ncha ya ulimi, uteme. Likiwa chungu, tupa tunda zima, usimpe hata mbuzi. Na aliyekwisha kula, akianza kutapika au kuumwa tumbo, apelekwe hospitali mara moja, na daktari aambiwe wazi kwamba alikula mumunye chungu.

Mbegu ulizobaki nazo za mamumunye hayo zichome moto zote. Tafuta nyingine kwa mtu ambaye hana vibuyu vya mapambo jirani. Na nyinyi wengine mnaosoma, naomba hili mlichukue kwa uzito kama ninavyolichukua mimi: kumpa mtu mbegu za kibuyu cha mapambo bila kumwambia "hizi si za kula, na usizipande karibu na za kula" ni hatari, hata kama umezitoa kwa moyo mweupe.

*Shikamoo mama. Mimi kijana wa Mikindani, natengeneza taa za vibuyu, wageni wanapenda. Rafiki yangu wa Masasi alinipa mbegu, tena alizitoa mbele ya macho yangu kutoka kwenye kibuyu cha shingo ndefu ya kupendeza. Nilichovuna ni vibuyu vya mviringo, vingine vimebanwa kiunoni, vichache tu ndivyo vyenye shingo. Udongo wa pwani umeviharibu au rafiki kanidanganya?*

Marahaba baba. Rafiki yako hana kosa na udongo wako hauna kosa. Nimekwisha kueleza juu ya ladha. Umbo nalo lina kanuni ile ile. Kibuyu mlichokipasua kilikuwa na shingo ndefu kwa sababu mama yake ni wa shingo ndefu. Baba wa zile mbegu huenda alikuwa kibuyu cha mviringo cha shamba la pili, na hakuna ajuaye. Tena ndani ya tunda moja mbegu zinaweza kuwa na baba tofauti, ndiyo maana ulivuna sura nyingi kutoka mkono mmoja wa mbegu.

Wanaozalisha mbegu kwa biashara hutenganisha mashamba ya aina mbili kwa kilomita moja hivi. Kwetu, ambako mashamba yanagusana na kila mama ana mmumunye wake nyuma ya jiko, hilo haliwezekani. Njia iliyobaki ni kuchavusha kwa mkono, na kazi hii naipenda kuliko zote za bustani, basi niruhusu niieleze polepole.

Maua ya kwanza kutoka huwa ya kiume. Yana kikonyo kirefu chembamba na hayana kitu chini yake. Usihangaike yanapoanguka, ndiyo kawaida yake. Ua la kike linachelewa, na utalijua kwa sababu limekalia kibuyu kidogo kabisa, chenye malaika kama ya shavu la mtoto, na umbo lake linaonekana tayari: cha shingo kina shingo, cha mviringo ni mviringo. Alasiri pita ukague. Ua litakalofunguka jioni hiyo lina ncha nyeupe iliyochomoza, bado imejikunja. Lifunge ncha kwa uzi laini, lisifunguke. Fanya hivyo kwa ua moja la kike na mawili ya kiume, na yale ya kiume yatoke kwenye mmea mwingine wa aina ile ile ukiwa nao.

Jua likizama, rudi. Chuma ua la kiume, lichambue petali zote ubakie na kile kichwa cha katikati chenye unga wa manjano. Fungua uzi wa ua la kike. Utaona katikati yake pana vipande vitatu vinene, vina unyevunyevu. Vipake ule unga pote, usiharakishe, upande mmoja ukiachwa tunda huweza kukua kombo. Chukua la pili la kiume, rudia. Kisha lifunge tena lile la kike kwa uzi, nondo wa usiku wasije wakaongeza cha kwao. Mwisho funga utepe wa rangi au kipande cha kanga kwenye kikonyo, kiwe alama. Baada ya siku chache, kikishika kinavimba na kuinamisha kichwa. Kisiposhika kinageuka njano na kuanguka, jaribu lingine.

Matunda mawili au matatu ya namna hiyo yanakutosha kwa mbegu, maana kibuyu kimoja kikubwa huwa na mbegu mamia. Mengine yaache wadudu wafanye kazi yao, uyatumie kwa taa. Kuhusu shingo kunyooka, kipandishe kwenye kichanja cha urefu wa mtu au kwenye mti, kining'inie. Kibuyu kinacholala chini kinapinda na tumbo linabonyea upande mmoja.

Jambo la kukutoa wasiwasi: maboga, matango, matikiti na madodoki hayachanganyiki na vibuyu. Yapande upendavyo.

*Mama, mbegu zangu nimezifukia wiki mbili sasa, kimya. Nimepata mvua ya kwanza nikapanda hapo hapo. Nimwagie mbolea? — Nachingwea*

Usimwage mbolea kwenye mbegu ambayo haijaota. Ganda la mbegu ya kibuyu ni gumu, wiki mbili ni kawaida, hata tatu. Na mvua moja ya mwezi wa kumi na moja haijaingia ardhini. Ngoja Desemba udongo ushike unyevu. Safari nyingine kwanza zikate vipembe vya upande wa butu kwa mkasi wa kucha, kidogo tu usiguse kiini, kisha ziloweke usiku mzima kwenye maji ya uvuguvugu. Kina cha kidole kimoja kulala kinatosha. Shimo hadi shimo hatua mbili ndefu au tatu.

Mbolea ya samadi weka shimoni mapema, iliyooza vizuri. Ukizidisha mbolea ya kukuzia utapata majani mengi na vibuyu vichache. Mmea ukifika mita tatu hivi kata ncha yake, utoe matawi, kwa sababu maua ya kike hupenda kutoka kwenye matawi ya pembeni. Jua la kati ya Januari na Februari, mvua inapokatika, weka nyasi kavu shinani.

*Mama Vibuyu, majani yameota unga mweupe kama ule wa mikorosho. Salfa ninayo ndani, nipulize? — Mkulima, Tandahimba*

Hapana. Unaonekana kama ubwiri unga wa mkorosho lakini kimelea chake ni kingine, hakikutoka kwenye mikorosho yako wala hakitaenda huko. Salfa kwenye jua kali huunguza majani ya jamii ya maboga na vibuyu. Kama unga umetokea mwishoni mwa msimu, mwezi wa tano au sita, na ganda limeshaanza kukaza, acha, mmea unajimaliza wenyewe. Ukitokea mapema, ng'oa majani yaliyoshika, punguza matawi upepo upite, na safari ijayo panda kwa nafasi kubwa. Nawe unayepulizia mikorosho kwa mashine, angalia upepo unaelekea wapi, usije ukaunguza vibuyu vya jirani.

*Mwanangu, mimi ni mzee wa Kilwa Masoko. Vibuyu vyangu nilivichuma vizuri nikavitundika barazani. Vimeota ukungu mweusi na wa kijani vyote, wajukuu wanataka kuvitupa. Nami nilitaka kutengeneza kata na maboya ya mshipi kama alivyofanya marehemu baba. Nivitupe?*

Shikamoo mzee wangu. Wazuie wajukuu! Ukungu huo ndio kukauka kwenyewe. Kibuyu kibichi ni maji matupu kwa sehemu kubwa, na maji hayo yanatoka taratibu kupitia ganda na kikonyo. Yanapotoka, ukungu unaota juu. Hauharibu kitu. Ukiusugua baadaye unaacha madoadoa ya kahawia ambayo watu wa mapambo wanayatafuta.

Kinachotupwa ni kilicholainika ukikibonyeza, kinachovuja, au kilichosinyaa kama embe lililosahauliwa: hicho kilichumwa kabla hakijakomaa. Kibuyu huchumwa kikonyo kikishakauka na kuwa cha kahawia, na kikonyo chenyewe kiachwe na urefu wa vidole vinne. Kisitobolewe ili "kitoe maji haraka", kitaoza kwa ndani. Kisiwekwe juani kwenye bati. Barazani kwako ni mahali pazuri, ila kisigusane na mwenzake, na kigeuzwe kila baada ya siku kadhaa. Hewa ya Kilwa ina chumvi na unyevu, kwa hiyo kibuyu kikubwa kinaweza kuchukua hata nusu mwaka. Kikiwa chepesi, na ukikitikisa mbegu zinacheza ndani, kiko tayari.

Kukisafisha: kiloweke kwa kukifunika na gunia lililolowa maji ya moto, usiku mmoja, asubuhi ngozi ya juu inatoka kwa stili waya. Fanya kikiwa kimelowa. Vumbi la kibuyu kikavu ni baya kwa kifua, na la ndani ni baya zaidi, kwa hiyo siku ya kukikata ufunge pua na mdomo, nasi tunaokupenda tukuone ukivua samaki mwaka mwingine. Kata ya maji au ya pombe ya mabibo ikishakombwa ndani, ijazwe maji, yamwagwe, ijazwe tena, siku kadhaa mfululizo, mpaka ukionja maji yake hayana uchungu hata chembe. Maboya hayahitaji hayo. Yazibe tu vizuri kwa nta.

*Mama yetu, shikamoo. Sisi ni kikundi cha akina mama wa Ruangwa tunaotengeneza mapambo ya vibuyu na ukili. Kila mmoja ana aina yake na tumeona tuanze kugawana mbegu siku moja kabla ya mvua. Tufanyeje isiwe vurugu? Na je, tunaweza kuuza?*

Marahaba, na hongereni. Barua yenu nimeisoma mara nyingi. Nyinyi ndio mnaoweza kuzuia lile la Newala na lile la Mikindani lisitokee tena, basi nitasema yote ninayoyajua.

Kwanza, mbegu itoke kwenye kibuyu kilichokaukia mmeani au barazani, kisichokuwa na kasoro, cha mmea ambao uliutazama tangu unachipua. Hapo ndipo wengi wanapopuuza. Kibuyu kizuri kinaweza kutoka kwenye mmea mgonjwa. Kama majani yalikuwa na mabaka ya kijani kibichi na kijani cha kufifia, yamevimba na kukunjamana, na matunda yana nundunundu, hiyo ni batobato, ugonjwa wa virusi. Virusi vingine vya namna hiyo husafiri ndani ya mbegu. Mkigawana mbegu hizo, mmegawana ugonjwa kijiji kizima. Mmea huo ung'olewe, mbegu zake zisitunzwe, na kisu kilichoukata kioshwe kwa sabuni.

Pili, mbegu zikaushwe kivulini, juu ya ungo, mpaka ukiikunja inavunjika badala ya kupinda. Watu wengi huzitia majini, zinazoelea wakazitupa. Kwa mbegu za vibuyu kipimo hicho hakifai, hata nzima zinaelea. Zibonyeze kwa kidole: tupu inanyong'onyea, iliyojaa inakataa. Kisha chukueni mbegu 10 za kila mmoja mzifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, mahali penye joto. Baada ya wiki mbili zikichipua 7 au zaidi ni njema. Zikichipua 3, mwenye nazo aseme, anayepewa apande nyingi shimoni.

Tatu, ziwekwe kwenye bahasha za karatasi, bahasha ndani ya chupa yenye kifuniko cha kubana, chini yake mmetia majivu makavu au mkaa uliokauka vizuri. Mfuko wa plastiki peke yake unazitoa jasho. Chupa isikae chini ya bati. Zikitunzwa hivyo zinaishi miaka minne, mitano, na zaidi.

Nne, na hili ndilo ninalolisimamia kwa nguvu zangu zote: bahasha iandikwe. Jina la aina peke yake halitoshi, maana anachokiita mtu "kata" Ruangwa, Liwale wanaweza kukiita kingine. Hii hapa ni bahasha moja iliyo mbele yangu sasa hivi, naiandika kama ilivyo:

"Shingo ndefu, tumbo kama nazi. Ganda nene. Mbegu za tunda moja, limechavushwa kwa mkono, utepe mwekundu. Mtama, limevunwa Juni 2025. Mmea ulitambaa juu ya mkorosho. CHUNGU, SI CHA KULA. Mbegu ya kwanza nilipewa na mama mmoja wa Nyangao."

Kama halikuchavushwa kwa mkono, andikeni hivyo pia: "limechavushwa na wadudu, jirani yake kulikuwa na cha mviringo." Hiyo siyo aibu. Mwenzako akijua atapanda akitarajia mchanganyiko, na huenda akafurahia. Ile sentensi ya mwisho, ya nani alikupa, msiiache. Kwa sentensi hiyo, mbegu ikipotea kwako unajua mlango wa kwenda kubisha. Nimewahi kuona aina nzuri ya kibuyu kidogo cha kutilia ugoro ikipotea kabisa kwa mtu, na aliyekuwa nayo hakukumbuka aliipata wapi, ingawa kwa yakini ilikuwepo kwa mtu mwingine umbali wa kutembea.

Siku ya kugawana, kila mmoja alete kibuyu chenyewe kikavu pamoja na mbegu zake, watu wakione, wakishike, wakipige kwa kucha wasikie ganda. Mbegu kumi au kumi na mbili kwa mtu zinatosha: chache zinapandwa, nyingine zinabaki akiba kama mvua ya kwanza itadanganya. Anayepokea akubali kurudisha msimu ujao, mara mbili ya alichopewa, kwa mwingine ambaye hana. Na kila aina ikae kwa watu wasiopungua watatu, wanaokaa mbalimbali. Nguruwe pori wakiingia shamba moja, aina haijafa. Mamumunye ya kula myape meza yake, mbali na ya mapambo, na mtu mmoja asimame hapo kueleza.

Kuuza ni jambo lingine. Biashara ya mbegu nchini ina Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, na msimamizi wake ni TOSCI, Taasisi ya Kuthibitisha Ubora wa Mbegu Tanzania. Kabla hamjatia bei kwenye bahasha, zungumzeni na afisa ugani wa kata yenu awaelekeze. Ushauri wangu ni kwamba pesa itafutwe kwenye mapambo. Mbegu ziacheni ziende kwa mkono.

*Mama, mimi mchonga vinyago wa Masasi. Mpingo umekuwa wa shida, nataka kuchonga vibuyu. Vyangu vinapasuka ninapoweka patasi. Halafu nimeambiwa mafuta ya ganda la korosho yanaleta mng'aro mweusi mzuri.*

La korosho kwanza: usifanye. Unajua mikono ya wanaobangua korosho inavyochomeka. Mafuta yale yanaunguza ngozi, na atakayeshika kibuyu chako atapata vidonda. Weusi utaupata kwa dawa ya viatu, halafu nta juu yake.

Kupasuka kunatokana na ganda jembamba. Kibuyu cha kuchonga kinatakiwa kiwe na unene wa karibu sentimita moja, hata nusu sentimita inakubali ukiwa na mkono mwepesi. Kabla hujakata, linganisha viwili vya ukubwa mmoja: kizito ndicho kinene. Unene unatokana na aina ya mbegu na muda wa kukaa mmeani, kwa hiyo muulize anayekupa mbegu kama ganda ni nene, naye awe ameliandika. Patasi ya mpingo ni kubwa mno kwa kazi hii. Tumia kisu kidogo kikali, usukume bila nyundo. Utavuka ngozi ngumu ya juu, kisha utafika kwenye tabaka jeupe laini kama kizibo cha chupa. Simama hapo hapo, weupe huo ndio mchoro wako. Kama ganda ni jembamba, chora kwa waya wa moto.

*Shikamoo. Dada yangu yuko Marekani, anapenda kazi za vibuyu, anataka nimtumie mbegu za kwetu kwa posta. Nizitie ndani ya kitabu? — Lindi mjini*

Marahaba. Usizifiche ndani ya kitabu wala kwenye nguo. Nilishasema virusi husafiri ndani ya mbegu. Mbegu za kwetu zinaweza kuwapelekea ugonjwa, na za kwao zikatuletea wa kwao. Mbegu zinazotoka nchini zinahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na dada yako kwa upande wake aulize Wizara ya Kilimo ya Marekani kibali gani kinatakiwa kabla hujatuma. Akitaka kukuletea za kule, utaratibu ni huo huo kwa upande wetu.

Mwambie pia kwamba huko aliko hayuko mbali na kibuyu. Marekani kuna chama cha wapenda vibuyu, American Gourd Society, wenye maonyesho yao na mbegu zao, na wana vibuyu wanavyovitoboa na kuvitundika nje ili mbayuwayu wajenge viota ndani. Kibuyu kimekuwepo katika bara la Amerika kwa miaka 10,000 hivi, muda mrefu kabla ya meli yoyote kuvuka. Mwaka 2014 watafiti waliochunguza vinasaba vya vibuyu vya kale vya huko walisema vinafanana na vya Afrika, na kwamba huenda vilielea vyenyewe kuvuka bahari ya Atlantiki. Katika miaka ya 1950 watu walikuwa wamekwisha kujaribu, wakaviacha vibuyu kwenye maji ya bahari siku 224, na mbegu zake zikaota.

Kwa hiyo aanze na vya huko wakati cheti kinashughulikiwa. Wewe nitumie bahasha yenye jina na anwani yako kupitia gazeti hili, nami nitakuwekea mbegu kumi na mbili za shingo ndefu uzipande huko Lindi. Zipandwe kabla ya Krismasi, mbali na mamumunye ya mama yako.